Mvua ya Webuye

Nafula binti yangu,

Sikuulizi hali, maana nakusikia huko jikoni ukimcheka mama yako kwa vile ameufunga mkoba wako kwa kamba ya katani kana kwamba unapelekwa sokoni pamoja na viazi. Mimi niko huku stoo, nimekalia debe, gunia la mbegu ndilo meza. Nimewaambia nachagua mbegu. Mbegu nilimaliza kuchagua jana. Kesho asubuhi unaondoka kwenda Lodwar, na kuna jambo limenishinda kulisema kwa mdomo tangu mwezi wa nne, kwa hiyo naliandika kabla jua halijatua. Nakuomba ulisome lote leo, hata kama ukifika katikati utataka kuniacha.

Habari za kuchemsha maji, kulala ndani ya neti na kutoamini kila pikipiki, mama yako ameshazisema mara tatu na kesho atazisema tena. Mimi sizigusi.

Nataka kukuambia habari za kipimamvua.

Unakijua kuliko mtoto yeyote wa Njoro. Kile kikopo cha shaba nyuma ya nyumba, kimezungushiwa waya, na hakuna mti wala banda karibu yake. Nilipokabidhiwa na watu wa hali ya hewa ulikuwa hujazaliwa. Waliniambia masharti mawili tu: soma kila siku saa tatu asubuhi, na andika unachokiona. Babu yako alikuwa mtu wa reli, alikulia kwenye saa za treni, na alinilea nikiamini kwamba saa tatu na dakika tano si saa tatu. Kwa hiyo kazi ile ilinikaa vizuri. Hata malipo hayakuwepo, lakini nilipewa daftari lenye jalada gumu na cheti chenye jina langu, na mimi, kama unavyonijua, kwa cheti naweza kuhama nyumba.

Ulipofika miaka mitano ulikuwa unaniburuta shati. "Baba, saa tatu!" Nilikupandisha juu ya kigoda, nikakufundisha kuleta jicho lako sawa na uso wa maji kwenye bomba la kioo, si juu yake wala chini yake. Ulikuwa unasema namba kwa sauti kubwa, majirani wakacheka wakisema kwa Baba Nafula mvua inatangazwa kama mnada. Hizo ndizo asubuhi nzuri kabisa za maisha yangu. Sizitoi, hata baada ya haya ninayotaka kukuambia.

Ulipohojiwa kwa hii kazi yako mpya, walikuuliza ni nani aliyekufanya upende mambo ya hali ya hewa. Ulirudi nyumbani ukaturudishia jibu lako palepale mezani: "Niliwaambia babangu hajawahi kukosa kusoma hata siku moja, na hajawahi kuandika kitu hajaona." Mama yako alikuwa anapakua. Mwiko ukasimama hewani. Wewe ulidhani ni furaha imemshika. Mama yako alikuwa ananiangalia mimi.

Mwaka ninaousema ulikuwa na miaka minane. Ndio mwaka bima ya mvua ilipofika kwetu. Unaifahamu sasa kwa vitabu, lakini acha nikuambie ilivyoonekana kwa macho yetu. Gari jeupe lilisimama kwenye stoo ya chama cha wakulima, akashuka kijana mmoja mpole mwenye viatu vya mjini, akatueleza kwamba sasa mvua zimevurugika na serikali na wenye mbegu wameamua kutushika mkono. Ukinunua mbegu pamoja na ile bima, kisha mvua ikakatika wiki mbili mfululizo baada ya kupanda, basi unaletewa mbegu nyingine upande upya. Hakuna mtu atakayekuja kukagua shamba lako. Watatazama kipimamvua kilicho karibu, basi.

"Na kiko kwa nani?" mtu akauliza.

"Si ni kwa Baba Nafula!" wakajibu wote, na nikainuka kidogo kwenye benchi ili nionekane.

Wengi walisita. Unajua miradi ilivyotuzoesha. Sisi wenyewe tulikuwa na lile shimo la gesi ya samadi nyuma ya zizi, unalikumbuka, ndilo bata walilogeuza bwawa. Nilikuwa wa kwanza kata nzima kulichimba. Tuliambiwa tutasahau kuni na msitu wa Mau utapumua. Gesi ilitoka kweli, chai ilichemka kweli, wiki sita. Kisha ikaonekana kwamba kila ndoo ya samadi inataka ndoo ya maji, na aliyekuwa anateka maji mtoni ni mama yako akiwa na mimba ya Wekesa. Aliyeuchora mradi hakuuliza nani anateka maji. Nami niliyeishi naye nyumba moja sikuuliza pia, na hiyo ya kwangu ni mbaya zaidi. Siku alipoweka ndoo chini akasema, "Bwana Miradi, leo pika na hiyo midomo yako," ndipo tulirudia kuni. Huko uendako utasimamisha milingoti ya kupima mvua na mitambo ya jua kwenye vituo vya watu. Kabla hujafunga skrubu ya kwanza, kaa na akina mama wa hapo unywe chai, uulize siku yao inaanzaje.

Narudi kwenye bima. Waliosita walibadili mawazo kwa sababu ya mtu mmoja, na mtu huyo ni Mama Wambui.

Sina haja ya kukueleza jirani yetu Mama Wambui ni nani. Lakini labda hukuwahi kujua kwamba wakati ule alikuwa ametoka kumzika mumewe, na lile shamba la kando ya mto ndilo lililokuwa limebaki la kumlisha. Alinunua bima wa kwanza. Alisema mbele ya watu, "Mimi hawa wa gari siwajui. Lakini Baba Nafula namjua, na hicho kikopo chake nakijua." Nusu ya chama ikamfuata.

Tulipanda mvua ilipoanza, mwisho wa mwezi wa tatu. Ilinyesha siku sita nzuri. Kisha simu ikaja kutoka Webuye, kule kwetu Bungoma, kwamba mjomba wangu Wafula, aliyenisomesha, amefariki. Mama yako alikuwa amejifungua Wekesa wiki tatu tu, hangeweza kusafiri. Wakati nafunga viatu akaniambia, "Nionyeshe hiyo kitu inasomwa aje, nikuandikie."

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Hiyo ni kazi ya serikali, si ya jikoni."

Nimekuwa mume wake miaka mingi, nimesema maneno mengi ya kipumbavu, lakini kama ningepewa ruhusa ya kurudisha moja, ningerudisha hilo. Alimgeuza mtoto upande wa pili wa kifua, akaendelea kunyonyesha.

Nilidhani nitakaa siku nne. Unazijua desturi zetu: kuna kuzika, kuna kukaa, kuna siku ya kunyoa nywele, na mpwa aliyesomeshwa hawezi kuondoka kabla ya kunyolewa. Nilikaa siku kumi. Webuye ilinyesha siku zote kumi, jioni kwa jioni, mpaka hema la matanga likalala upande. Nilirudi Njoro na matope ya Webuye hadi magotini.

Nilipofika nyuma ya nyumba nilikuta mbuzi wetu amekata kamba, amepita kwenye waya, na kipimamvua kimelala kifudifudi. Ndani hakuna kitu. Na siku iliyofuata, saa tatu na nusu, mtu wa bima alikuwa anakuja kuchukua nakala ya daftari.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo palipo na jambo. Hakuna aliyenishurutisha. Ardhi ilikuwa kavu, niliiona. Mama yako aliponiona nimefungua daftari kabla hata sijala, alisimama nyuma yangu na rundo la nepi za Wekesa begani. Akatazama ninachoandika.

"Hiyo ni mvua gani unaandika?"

"Ya wiki iliyopita."

"Nepi zangu zimekauka kila siku kabla ya saa sita. Kila siku."

"Wewe hujui mambo ya milimita," nikamwambia.

Ningeweza kuacha wazi. Ndiyo maana ya lile sharti la pili, kama hukusoma acha wazi. Lakini miaka yote ile sikuwa na pengo hata moja, na cheti kilikuwa kinaniangalia ukutani. Ningeweza basi kuandika sufuri kumi, na zingekuwa kweli. Nilifikiria hata hilo. Nikaona sufuri kumi mfululizo katikati ya mvua ndefu zitaonekana kama za mtu ambaye hakuwepo. Uongo ukaonekana kwangu una sura nzuri kuliko kweli. Kwa hiyo nikaandika milimita nne, milimita saba, milimita mbili, nikaruka siku moja ili isionekane nimepanga, halafu sita. Nilipomaliza niliuangalia ule ukurasa nikaona umetulia. Niliinyeshea Njoro mvua ya Webuye, nikafunga daftari, nikaenda kula.

Mvua ya kweli ilirudi baada ya siku nyingine tano. Mahindi yalikuwa yameshachungulia na kufa. Kwenye shamba langu pia. Usidhani nilivuna, na mimi nilikuwa nimenunua bima kama wao.

Tulikutana stoo ya chama. Yule kijana akafungua nakala, akasoma namba zangu moja moja, akasema pole, mvua haikukatika wiki mbili, mkataba hauwezi kuleta mbegu. Watu walinung'unika kidogo. Wakulima tumezoea kuambiwa hapana. Mama Wambui ndiye aliyesimama.

"Kijana, hiyo mvua ilinyesha wapi? Kwangu hata vumbi halikulala."

"Mathe, mimi nafuata rekodi. Rekodi inasema ilinyesha."

Akanigeukia. Hakuwa na hasira, Nafula. Ndicho kinachonisumbua mpaka leo. Alinigeukia kama mtu anayeuliza saa. "Baba Nafula, wewe ndiye unapimanga. Ilinyesha?"

Na mimi, mtoto wa mtu wa reli, nikasema, "Imeandikwa."

Akakaa chini.

Hakuwa na mbegu nyingine. Lile shamba la kando ya mto likakaa msimu mzima na magugu. Mwezi wa saba akamuuza ng'ombe wake, akaenda Naivasha kufunga maua, akakaa huko misimu minne. Wewe ulikuwa unapitia kwake kila jioni ukitoka shule, kwa ajili ya ule uji wake wa wimbi. Ulikuta mlango umefungwa. Ukaniuliza, "Mama Wambui ameenda wapi?" Nikakuambia ameenda kutembea. Ukaniuliza tena kesho yake, na kesho yake, karibu mwezi mzima. Kisha ukaacha kuuliza, na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi umeacha.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka kumi na mitano, na njiani nimesalimiwa na kila mtu kwa heshima. Nilizidi hata kuwa mkali kwa wengine. Unakumbuka vita vyangu vya lumbesa? Wanunuzi wa viazi walipokuja na yale magunia yao yenye kilemba kirefu juu, kimeshonwa kwa kamba, gunia moja limebeba karibu mawili, nani alisimama barabarani na kukataa? Sheria ya gunia dogo ilipotoka, nani aliisoma kwa sauti kanisani? "Kipimo ni kipimo!" Watu wakapiga makofi. Mama yako alikuwa kwenye benchi la mbele na hakupiga. Nilifika nyumbani nikamuuliza mbona amenuna. Akasema, "Sijanuna. Nimechoka tu." Mpaka leo hajawahi kunitupia jambo lile usoni. Angenitupia pengine ningekuwa nimetubu zamani, lakini hiyo nayo ni kutafuta wa kumlaumu.

Sasa tufike kwako.

Mwaka jana walipoweka kile chombo kipya pale shule ya msingi, chenye mlingoti na kioo cha jua, kinachopima chenyewe na kutuma namba kwa simu, nilijifanya nimekasirika. Nilisema mashine haijui mvua. Ukweli ni kwamba nilipumua. Nikasema moyoni, haya, daftari langu sasa litaliwa na mchwa kwa amani. Kisha mwezi wa kumi na moja mashine ikaanza kusema hakuna mvua huku tunalowa, na wewe uliyekuwa kwenye mafunzo yako ya kazi ukapanda ngazi na bisibisi ukakuta nyigu wamejenga nyumba yao ya udongo kwenye mdomo wake. Ulithibitisha kwa kutumia nini? Daftari langu. Bosi wako alikuja hapa mpaka sebuleni, akanishika mkono kwa mikono miwili. "Mzee, bila hii daftari yako tungeamini mashine." Nilimpa chai. Nilikuwa nimelowa jasho mgongo mzima.

Kwa hiyo badala ya kusahaulika, madaftari yangu yote yakashushwa rafuni. Wewe mwenyewe ukayaingiza kwenye kompyuta, mwaka kwa mwaka. Mwezi wa nne, tumekaa hapo nje tunamenya minji, ukanyanyua kichwa.

"Baba, kuna siku kumi hapa ziko na shida."

"Shida gani?"

"Sijui. Ni kama si za huku. Leo kidogo, kesho kidogo. Hiyo ni mvua ya Bungoma. Huku hainyeshangi hivyo."

Uliliona, Nafula. Uliliona kwa macho yako tu, jambo ambalo hakuna ofisi iliyoliona miaka kumi na mitano. Nilipaswa kukuambia hapohapo, minji mkononi. Badala yake nikacheka. Nikasema, "Mvua haina mkubwa wake, hunyesha itakavyo. Andika tu." Na kwa kuwa ni mimi niliyesema, ukaandika. Uongo wa kwanza niliwatendea majirani. Ule wa pili nilikutendea wewe, na niliutenda nikiwa mzee mwenye akili timamu.

Wiki mbili baadaye ukatueleza kwa furaha kwamba hizo hesabu ndizo zitakazotumika kuamua mvua ya kawaida ya Njoro ni ipi, kwa mikataba mipya ya bima. Basi nikaelewa kwamba mvua yangu bado inanyesha. Bado inawakausha watu.

Alhamisi iliyopita nilichukua lile daftari la mwaka ule nikaenda kwa Mama Wambui. Alikuwa anachambua maharagwe. Nilimwonyesha ukurasa nikamwambia kila kitu, mbuzi, nepi, Webuye. Nilijiandaa kwa matusi. Nilijiandaa hata kwa fimbo yake. Aliendelea kutupa mawe upande huu na maharagwe upande ule.

Kisha akasema, "Kwa hivyo haikunyesha kwa mtu yeyote?"

"Haikunyesha kwa mtu yeyote."

"Mimi nilidhani ilinyesha kwenu, ikaniruka mimi." Alisema pole pole. "Nilikuwa nimemzika Baba Wambui miezi mitano. Nikasema, Mungu ananionyesha kitu. Huko Naivasha nilikuwa nakaa kwa kitanda najiuliza, nilikosea wapi, mpaka mvua ipite kwa shamba langu pekee yake."

Nafula, nilidhani nilimnyang'anya mbegu. Sikujua kwamba nilimtwisha na hatia isiyo yake. Nililia mbele yake, mtu mzima na kofia mkononi. Hakuniambia basi yaishe. Hakunifukuza pia. Aliniambia nikae, nikakaa, nikamsaidia maharagwe mpaka yakaisha. Ndipo akauliza, "Nafula anajua?"

"Bado."

"Mwambie kabla hajaenda. Nakuja Jumatatu kumwambia kwaheri, na siwezi kumshika mkono nikijua kitu yeye hajui."

Ijumaa nikamwandikia bosi wako. Wekesa alinisaidia kupiga picha ukurasa na kuituma kwa simu. Sikukuomba ruhusa, na naomba radhi, lakini nilijua nikikuuliza utanihurumia. Hizo siku kumi zitaondolewa. Nimeweka jina langu kamili na kusema kwamba uliniuliza na nikakudanganya, ili asije mtu akasema uliingiza hesabu mbovu kwa kumficha baba. Alijibu baada ya saa moja. "Asante mzee. Tutazitoa na tutapiga hesabu upya. Nafula anajua?" Inaonekana dunia nzima ina swali moja tu kwangu.

Huenda jambo hili likakutia aibu siku ya kwanza ya kazi yako. Huenda mtu huko Lodwar akakuangalia akasema huyu ndiye mtoto wa yule mzee wa mvua ya Webuye. Sina la kukukinga nalo. Ninachokuomba ni usinitetee. Ukiulizwa, sema ni kweli, uendelee na kazi.

Sikuandikii haya ili nikufundishe uaminifu. Huo unao, nadhani uliupata kwa mama yako. Nakuandikia kwa sababu huko uendako namba utakayotuma ndiyo itakayosema kama mtu na mbuzi wake watapata malipo ya majani msimu ukikauka. Na iko siku utaugua, au gari litakwama kwenye mchanga, au utakuja kunizika mimi ukae mpaka siku ya kunyoa. Siku hizo zitakuja. Mimi sikuharibikiwa kwa sababu nilikwenda kumzika mjomba. Niliharibikiwa kwa sababu sikutaka ionekane kwamba nilikwenda, na kwa sababu niliona hakuna mkono mwingine nyumbani kwangu unaofaa kushika kalamu. Fundisha mtu wa pili, Nafula, na wa tatu. Mfundishe yule mama wa hapo kituoni anayeteka maji.

Mama yako naye nimemwomba msamaha kwa lile neno la jikoni. Alisema amelisahau. Halafu akanitajia siku, saa, na shati nililokuwa nimevaa.

Siku zile kumi kwenye daftari nimezipiga mstari kwa wino mwekundu, kila moja, na pembeni ya kila moja nimeandika neno moja: Sikuwepo. Nimeliweka daftari hilo chini ya mkoba wako, ulione kwa macho yako kabla halijarudi kwenye rafu.

Kesho tutatoka wote kukusindikiza hadi Nakuru. Mama yako, Wekesa, na mimi na hii kofia. Saa tatu itatukuta stendi. Ni mara ya kwanza tangu mbuzi yule kwamba saa tatu itafika na mimi niko mbali na kikopo changu, na hata sikupanga nifanyeje. Mama Wambui ndiye aliyepanga. Nilipokuwa nainuka Alhamisi alinishika mkono wa koti.

"Jumatatu mkienda, nani atasoma hiyo kitu?"

Nikamwambia sijui.

"Basi nionyeshe inasomwa aje."

Nimemwonyesha. Ana jicho zuri, analeta sawa kabisa na uso wa maji. Nimeweka kigoda chako cha zamani pale kwenye waya, na kalamu ndani ya daftari la mwaka huu, na ukurasa nimeufungua. Mstari wa kesho uko wazi, nimemwachia.

Baba yako